Chumba Kwanza, Runinga Baadaye

Anayetaka kutenga chumba cha sinema nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya runinga. Ni inchi 65 au 75? Spika hununuliwa kwa fedha itakayobaki, na chumba chenyewe hakifikiriwi kabisa. Nashikilia kwamba tunaanzia mwisho. Mtazame mtu anayeangalia filamu akiwa na rimoti mkononi: waigizaji wakizungumza anapandisha sauti, risasi zikianza kulia anaishusha upesi watoto wasiamke, mazungumzo yakirudi anapandisha tena. Spika hulaumiwa, ilhali mara nyingi maneno yamemezwa na kuta.

Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya saruji yaliyopigwa plasta, marumaru chini na madirisha ya vioo. Ni rahisi kusafisha, lakini nyuso ngumu kama hizo hurudisha karibu sauti yote inayozigonga. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine alitakiwa aeleze kwa nini wahadhiri hawakusikika vizuri katika ukumbi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, akaipanga kidogo kidogo huku akipima muda wa sauti kufifia. Ukumbi ukiwa mtupu, sauti ilidumu takriban sekunde 5 na nusu. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo. Tukiifuata, chumba cha mita 4 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, ambacho nyuso zake zinafyonza asilimia 5 tu ya sauti, kitavuma kwa sekunde 2 hivi. Kwa muda huo mwigizaji ameshatamka maneno matatu au manne, yote yakipandana. Chumba cha filamu kinataka nusu sekunde au pungufu.

Dawa yake haina ufundi mkubwa: zulia nene, sofa la kitambaa, mapazia mazito yenye mikunjo mingi. Ili kujua pazia la ukutani likae wapi, kaa unapotazamia, mwenzako asogeze kioo taratibu kwenye ukuta wa pembeni. Kioo kinapokuonyesha spika, hapo ndipo sauti inapodunda kuja masikioni mwako. Trei za mayai, ambazo wengi huzibandika ukutani kwa imani kubwa, hazisaidii kitu cha maana.

Kuna atakayesema mapazia na zulia ni gharama juu ya gharama, tena yanaleta joto Dar es Salaam au Mombasa. Joto ni hoja ya kweli, ndiyo maana mapazia yawe ya kufunguliwa, na feni ichaguliwe isiyo na kelele. Kuhusu gharama, pazia linalipa mara mbili, kwa kuwa linaleta pia giza. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi; weusi wa picha ni ule tu wa skrini isiyoangaziwa, kwa hiyo mwanga wa dirishani unaufuta hata kama mashine ni ya bei mbaya.

Chumba kikishatulia, ndipo ukubwa wa runinga upimwe kwa umbali wa kiti. Runinga ya inchi 55 inajaza macho vizuri ukikaa mita 2.3 hivi, wengi hukaa mita 4, kisha wanalalamika ni ndogo. Kiti kisigandamane na ukuta wa nyuma, ambako besi hurundikana. Katika mfumo wa spika tano na sabufa, spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, basi isifichwe ndani ya kabati.

Jirani naye? Hapo zulia na mapazia hayatoshi, kwa sababu kutuliza mwangwi na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti. Kuzuia kunataka uzito na kuziba nafasi: mlango wa mbao nzito badala ya ule mwepesi wenye uwazi ndani, mpira kwenye fremu yake, na kizuizi cha upenyo wa chini.