Bei ya Japan si bei ya Kutulo: Piga hesabu hii kabla ya kutuma pesa za gari

Siku hizi kila kijana mwenye bando ameshazuru Japan. Unaingia kwenye tovuti za wauza magari, unachagua Toyota Probox au Fielder, unaona bei imeandikwa dola 4,000, unazidisha haraka haraka kwenye kikokotoo cha simu na moyo unaruka. "Kumbe hii kitu inawezekana!"

Inawezekana, ndiyo. Lakini ile bei ni ya gari likiwa bado limeegeshwa Yokohama au Nagoya. Wewe uko Kutulo, mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera. Kati yako na hilo gari kuna bahari, bandari, KRA, na mamia ya kilomita za barabara kutoka Mombasa. Kila kituo kina mtu anayenyoosha mkono.

Na huku kwetu gari si la kupigia picha. Ni kazi. Vijana wanne au watano wanachanga kupitia ayuuto, mmoja anaongezewa na abti yake aliye Minneapolis, halafu wananunua gari moja la kupeleka watu Elwak na Wajir. Hesabu ikienda mrama, si mtu mmoja anayeumia. Ni familia tano.

Kwa hivyo tukae chini, tuhesabu.

Kwanza, umri wa gari

Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka huu wa 2026, maana yake ni gari lililosajiliwa 2019 kuja juu. Usukani uwe kulia, na gari likaguliwe huko linakotoka na kupewa cheti kabla ya kupanda meli.

Uganda wanaruhusu hadi miaka 15, ndiyo maana binamu yako wa Kampala anakuonyesha gari la bei ya kutupa. Usijilinganishe naye.

Angalia pia kalenda. Safari ya meli kutoka Japan huchukua wiki kadhaa. Ukinunua gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa halafu meli ichelewe hadi Januari, gari hilo limepitwa na sheria likiwa baharini. Mwezi wa kumi na moja si wakati wa kujaribu bahati.

Pili, dola

Muuzaji hataki shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160. Baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu Sh129. Gari lile lile la dola 4,000 lilikuwa Sh640,000 na baadaye likawa Sh516,000. Hiyo ni tofauti ya Sh124,000 na hakuna aliyegusa hata boneti. Kama mnachanga kwa miezi kumi, hesabuni kwa dola na mweke akiba ya kuyumba kwa shilingi.

Soma pia herufi zilizo kando ya bei. FOB ni gari pekee hadi linapopandishwa melini. CIF ni gari, bima ya safari na nauli ya meli hadi Mombasa. Wengi hulinganisha FOB ya huyu na CIF ya yule, wakadhani wamepata dili.

Tatu, KRA: hapa ndipo watu huanguka

Sikiliza hii vizuri, kwa sababu ndiyo siri ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa: ushuru haufuati bei uliyolipa.

Unaweza kubembeleza muuzaji akupunguzie dola 500. Hongera. KRA haijali. Wao wana orodha yao inayoitwa CRSP, yaani bei ya rejareja ya gari jipya la aina hiyo humu nchini. Wanachukua bei hiyo, wanaondoa asilimia kulingana na umri wa gari (la miaka saba hadi minane huondolewa asilimia 65), kisha wanaondoa kodi zilizomo ndani yake. Kinachobaki ndicho thamani ya forodha, na ushuru wote unapigwa hapo.

Tuseme thamani hiyo imetoka Sh300,000 na injini haizidi cc 1500. Hesabu ni hii:

Ushuru wa forodha asilimia 35: Sh105,000.

Ushuru wa bidhaa asilimia 20, unaopigwa juu ya thamani pamoja na ule ushuru wa kwanza: Sh81,000.

VAT asilimia 16, juu ya vyote hivyo: Sh77,760.

Ada ya IDF asilimia 2.5: Sh7,500.

Ada ya ustawi wa reli asilimia 2: Sh6,000.

Jumla: Sh277,260.

Umeona? Ushuru unapigiwa ushuru. Kwa kila Sh100 ya thamani, unalipa zaidi ya Sh92. Na ndiyo, sisi pia tunachangia reli, ingawa treni ya SGR inatoka Mombasa hadi Nairobi na Naivasha, na hata Garissa haijafika.

Ukipita cc 1500, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 25. Kwa thamani ile ile ya Sh300,000, jumla inakuwa Sh300,750, yaani zaidi ya gari lenyewe. Wale wa Land Cruiser za dizeli zinazopita cc 2500, wenu ni asilimia 35. Ni heri mvute kiti kabla ya kusoma jibu.

Ushauri hapa ni mmoja: kabla ya kutuma hata senti Japan, tafuta modeli yako kamili kwenye orodha ya KRA, au mpe ajenti wa forodha mwenye leseni akupigie hesabu kwa maandishi. Magari mawili yanaweza kuwa na bei sawa Japan na ushuru tofauti kabisa Mombasa.

Nne, bandarini

Meli imefika. Kuna malipo ya kampuni ya meli, ya bandari, ya ajenti, ya usajili wa NTSA na namba mpya. Kila moja peke yake inaonekana ndogo. Ziandike zote.

Hatari kubwa ni muda. Bandari inakupa siku chache za bure, baada ya hapo kila siku ina ada ya kuhifadhi. Hapa ndipo michango mingi huzama: kikundi kimemaliza pesa zote kununua gari, ushuru haujapatikana, wanaanza kupigia simu jamaa huku ada inapanda. Mzigo usiolipiwa ndani ya muda wa sheria unaweza kupigwa mnada. Gari lako linanunuliwa na mtu usiyemjua.

Kwa hivyo kanuni ni hii: usinunue gari mpaka pesa za ushuru ziwe tayari zimewekwa kando.

Tano, barabara ya nyumbani

Kutoka Mombasa unaweza kupita Nairobi, Thika na Mwingi hadi Garissa, au ufuate pwani kupitia Malindi, Garsen na Hola. Kisha Modogashe, Habaswein, Wajir, Tarbaj, ndipo Kutulo. Hesabu mafuta, chakula, malazi na dereva.

Gari lililozoea lami ya Japan litahitaji shoki, springi na matairi ya huku. Mvua ikinyesha vibaya barabara hukatika, kama ilivyotokea Garissa kwenye mafuriko ya El Nino ya 2023. Barabara ya Isiolo hadi Mandera inajengwa kwa mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2020. Siku itakapokamilika, hesabu ya spea itabadilika.

Usisahau bima. Ya gari binafsi haikulindi ukibeba abiria wa kulipa. Na kwa njia zetu, uliza waziwazi kama mashambulizi ya kigaidi yamo. Mara nyingi hiyo ni nyongeza inayolipiwa kando.

"Si uchukue tu la ng'ambo ya mpaka?"

Hili ndilo swali la kila kijiwe. Somalia iko karibu, na magari ya kule ni nafuu. Mengi hata yana usukani kulia, ingawa wao huendesha upande wa kulia wa barabara.

Lakini gari lililoingia bila ushuru ni mali ya magendo kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na linaweza kutwaliwa. Halina logbuku. Bila logbuku huwezi kupata bima halali, huwezi kuliweka rehani, huwezi kulivusha kizuizi cha Garissa kwa amani, na siku ukitaka kuliuza, mnunuzi ni yule tu aliye kwenye shida kama yako. Bei yake ni ndogo kwa sababu umenunua nusu ya gari. Nusu nyingine ni karatasi.

Kama tatizo ni mtaji na hutaki riba, benki za Kiislamu kama Gulf African hutoa murabaha: benki inanunua gari, inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Linganisha faida hiyo na mapato halisi ya njia yako, si mapato ya wiki ya Idd.

Chukua karatasi, andika mistari mitano: gari na meli, ushuru, bandari, safari ya nyumbani, bima na marekebisho. Kama mstari mmoja hauna namba, walaal, bado hujawa tayari kutuma pesa. Japan haihami. Subiri mwezi mmoja, ujaze huo mstari.