Mnyororo mpya kwenye meno makuukuu ni hasara

KATIKA Sangailu, Kaunti ya Garissa, pikipiki si chombo cha anasa. Hubeba abiria, maziwa na unga, na wakati mwingine mgonjwa anayekimbizwa Masalani. Mnyororo ukikatika katikati ya nyika, injini nzima na tangi lililojaa petroli havimsaidii mtu.

Mchanga na vumbi la kiangazi, kisha matope ya masika, huutesa zaidi mfumo unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Namna ya kuutunza hueleweka vyema mtu akitazama jinsi pikipiki kuukuu za Uingereza zinavyofufuliwa.

Mfano ni BSA M20, ambayo zaidi ya 120,000 ziliundwa kwa matumizi ya kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Pikipiki hiyo ina minyororo miwili: mmoja kutoka kwenye injini hadi kwenye klachi, mwingine kutoka kwenye giaboksi hadi gurudumu la nyuma. Kwa kuwa giaboksi imetengana na injini, mnyororo wa kwanza hukazwa kwa kuisogeza giaboksi yenyewe. Hatua hiyo huulegeza au kuukaza ule wa pili. Kwa hivyo fundi huanza mbele na kumalizia nyuma. Akianza nyuma, atairudia kazi.

Bodaboda za leo, kama vile Bajaj Boxer, hazina mnyororo wa kwanza, kwani nafasi yake imechukuliwa na gia zilizo ndani ya injini. Hata hivyo, mnyororo wa nyuma wa nyingi kati yazo bado ni wa aina ya zamani, usio na vipete vya mpira vya kuzuia uchafu.

Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya kijibomba cha chuma. Mchanga ukipenya humo na kuchanganyika na oili, hugeuka msasa. Watu husema mnyororo "umevutika", lakini ukweli ni kwamba umelika ndani. Mnyororo uliorefuka hivyo haukai sawasawa kwenye spoketi. Huyala meno yake hadi yakapinda kama kulabu.

Hapo ndipo fedha hupotea. Anayenunua mnyororo pekee na kuuvalisha kwenye spoketi zilizochakaa huona ameokoa pesa, kumbe meno mabovu yatauharibu upesi. Kanuni ni kubadilisha vyote vitatu kwa pamoja: mnyororo, spoketi ya mbele na ya nyuma.

Kipimo ni chepesi. Hatua 80 za mnyororo wa nusu inchi, kutoka pini hadi pini, zina urefu wa sentimita 101.6 ukiwa mpya. Zikifika takriban 103.6, yaani ongezeko la asilimia 2, mnyororo umekwisha.

Usafi huja kabla ya oili. Injini ikiwa imezimwa, mnyororo husuguliwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hutiwa oili kwenye viungo. Nje hupanguswa, kwani oili iliyobaki juu hunasa mchanga. Mafundi wa zamani waliuchovya mnyororo katika grisi iliyoyeyushwa ili ifike kwenye pini.

Wakati wa kukaza, gurudumu huzungushwa polepole na kipimo huchukuliwa pale mnyororo unapobana zaidi. Katika bodaboda nyingi, ucheze sentimita 2 hadi 3, kwa sababu hubana zaidi abiria na mzigo wanapopanda. Ukikazwa mno, huumiza beringi za giaboksi. Klipu ya kiungo nayo huwekwa upande uliofungwa ukitangulia kule mnyororo unakoelekea, isije ikachomoka njiani.

Kwa anayetoka Sangailu kwenda Hulugho au Masalani, klipu ya akiba, kiungo kimoja na spana ya ekseli ni mzigo mdogo. Asipovibeba, huenda abiria wake wakamaliza safari kwa miguu.