Rundo Lina Mpango Wake

Ukipanda basi hapa Babati kwenda Arusha unapita Magugu, halafu unafika Minjingu. Hapo kuna kilima. Katika ardhi ya kilima hicho mna fosfeti, yaani chakula cha mimea kinachosaidia mizizi kukua. Mgodi wa hapo ulianza kazi mwaka 1983, kwa msaada wa nchi ya Ufini. Wakati ule fosfeti ilipelekwa Tanga kwenye kiwanda cha mbolea. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Minjingu iliendelea, na leo mbolea yake inauzwa madukani.

Fosfeti hiyo ilifikaje pale? Zamani sana Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Ndege walao samaki, wanaoitwa mnandi, walikaa pale kwa wingi. Kinyesi chao, mifupa yao na mifupa ya samaki vilirundikana, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo rundo la kwanza la Minjingu lilirundikwa na ndege. Nao ndege hawana kipimo. Matabaka mengine ni laini, mengine ni magumu, na katikati umeingia udongo. Ukichimba hapa unapata fosfeti nyingi. Ukisogea kidogo unapata pungufu.

Sasa fikiri. Mkulima ananunua mfuko mmoja, jirani yake ananunua mwingine. Wote wamelipa bei moja. Je, watapataje mbolea yenye nguvu sawa, ikiwa ardhi yenyewe haiko sawa?

Swali hili si la mbolea tu. Wanalo watu wa saruji, watu wa makaa ya mawe, na watu wa bandari wanaopokea mizigo isiyofungwa kwenye magunia. Jibu lao liko kwenye namna ya kurundika na namna ya kuchota.

KOKOTO ZA DARASA

Kwanza nieleze jambo nililoliona mwenyewe. Kijiji kimoja cha wilaya yetu kilikuwa kinajenga darasa. Tipa ilimwaga kokoto kando ya uwanja, ikaondoka. Fundi akaanza kuchota pembeni, chini kabisa, kwa sababu ndiko karibu. Nguzo za kwanza zikapata mawe makubwa matupu. Siku ya tatu akafika katikati ya rundo, akakuta changarawe laini na vumbi. Akachanganya hivyo hivyo. Nguzo za mwisho zilipasuka kabla hata bati halijapigwa.

Watu wakailaumu saruji. Wengine wakamlaumu mwenye duka. Mzee mmoja, mwanafunzi wetu wa kisomo, akaniambia: "Mwalimu, saruji haina kosa. Hebu tazama rundo."

Mzee alisema kweli. Ukimwaga kitu chenye vipande vikubwa na vidogo kutoka juu, vipande vikubwa hubingirika mpaka chini pembeni. Vidogo hubaki katikati na juu. Hakuna aliyevichambua. Rundo limejichambua lenyewe. Basi anayechota pembeni anapata kitu kimoja, anayechota katikati anapata kingine, na wote wanadhani wamechota kitu kile kile.

KWA NINI RUNDO LIWE KUBWA

Twende sasa kusini, mkoa wa Ruvuma. Huko Ngaka, wilaya ya Mbinga, kuna makaa ya mawe. Katika mwaka 2022 meli nyingi zilipakia makaa hayo katika bandari ya Mtwara kuyapeleka nchi za nje. Kutoka mgodini mpaka Mtwara yanasafiri kwa malori.

Chukua penseli, tufanye hesabu. Tuseme meli inataka tani 60,000. Lori moja linabeba tani 30. Gawa 60,000 kwa 30. Unapata malori 2,000. Malori hayo hayawezi kufika siku moja, na meli haiwezi kungoja kila lori, maana meli ikikaa bandarini kila siku ina gharama yake. Basi makaa hutangulia. Yanarundikwa uwanjani kidogo kidogo, mpaka meli inapokuja inakuta shehena yake tayari.

Sasa ipakie meli hiyo. Tuseme mtu mmoja mwenye nguvu anapakia tani 10 kwa siku kwa beleshi. Watu 100 watapakia tani 1,000 kwa siku. Meli itangoja siku 60. Lakini mashine inayochota tani 2,000 kwa saa itamaliza kwa saa 30, yaani siku moja na robo. Na ziko mashine kubwa zaidi ya hiyo.

Sitaki kuficha upande wa pili. Wale watu 100 walikuwa na ujira wa siku 60. Mashine inataka watu wachache tu, tena waliosoma umeme na ufundi. Kwa maoni yangu kazi ya kubeba makaa kwa beleshi mchana kutwa huku unavuta vumbi si kazi ya kumtamania mtoto wako. Hata hivyo anayeikosa anakosa unga wa jioni, na hilo wanaopanga bandari hawana budi kulifikiria mapema.

MASHINE YENYEWE

Nchi jirani wanazo mashine hizi kubwa. Bandari ya makaa ya Richards Bay, Afrika Kusini, ilifunguliwa mwaka 1976, na leo ina uwezo wa kupitisha tani milioni 91 kwa mwaka. Karibu zaidi nasi ni Nacala, Msumbiji. Makaa ya Nacala yanatoka Moatize kwa reli ya kilomita 912 inayokatiza nchi ya Malawi.

Uwanja wa marundo ni eneo refu lililosawazishwa. Marundo yamelala kwa mistari kama matuta ya viazi, lakini tuta moja linaweza kuwa na urefu wa mita mia kadhaa. Katikati ya matuta kuna reli. Kando ya reli kuna mkanda mpana wa mpira unaozunguka juu ya magurudumu madogo. Ukiweka mzigo mwanzo wa mkanda, unafikishwa mwisho bila kubebwa na mtu.

Mashine ya kurundika inatembea juu ya reli hiyo. Ina mkono mrefu wa chuma, na juu ya mkono mna mkanda mwingine. Mzigo unapanda mkononi na kuanguka kwenye ncha yake. Mkono unaweza kuinuliwa na kushushwa. Mwendeshaji mwema huanza na mkono chini, karibu na ardhi, akaupandisha kadiri rundo linavyokua. Makaa yakianguka kutoka juu sana yanavunjika na vumbi linaruka.

Mashine ya kuchota nayo inatembea juu ya reli. Mwisho wa mkono wake kuna gurudumu kubwa, na pembeni mwa gurudumu kumefungwa ndoo za chuma zenye meno. Gurudumu likizunguka, kila ndoo inauma rundo, inapanda na mzigo wake, inaumwaga kwenye mkanda, inarudi kuuma tena. Ziko pia mashine zinazofanya kazi zote mbili. Mkanda wa mkononi ukienda mbele, zinarundika. Ukigeuzwa kurudi nyuma, zinachota.

KURUNDIKA KWA UREFU, KUCHOTA KWA KUKATA

Hapa ndipo penye akili, na ndipo napenda uelewe vizuri.

Tazama kiwanda cha saruji. Mawe ya chokaa hayafanani. Ya Jumatatu yana chokaa nyingi, ya Jumanne yana udongo. Mashine ya kurundika haimwagi mahali pamoja. Inakwenda na kurudi katika urefu wote wa rundo, na kila safari inaacha tabaka jembamba. Mawe ya Jumatatu yametandazwa kuanzia mwanzo wa tuta mpaka mwisho. Ya Jumanne yamelala juu yake. Hivyo hivyo mpaka rundo linakuwa na matabaka mengi mengi.

Rundo likikamilika, mashine ya kuchota haianzii juu. Inaanzia kwenye ncha moja ya tuta na kulikata, tangu chini mpaka juu. Viwandani kuna mashine iliyo kama daraja linalovuka rundo. Ina reki kubwa inayokwaruza uso mzima wa ncha, na mawe yanateremka yote pamoja. Kila mkwaruzo unachukua kidogo cha Jumatatu, kidogo cha Jumanne na kidogo cha kila siku.

Akina mama wanaosukuma chapati wanalijua jambo hili. Chapati iliyokunjwa vizuri ina matabaka. Ukibandua la juu, umekula la juu peke yake. Ukikata kipande kinachopita juu mpaka chini, umekula yote.

Hata bila mashine unaweza kufanya hivyo. Ukiletewa mchanga wa magari mawili usiofanana, au ukiwa na samadi ya ng'ombe na ya kuku, usirundike kila kitu peke yake. Tandaza tabaka jembamba la hiki, juu yake la kile, mpaka liwe tuta refu. Kisha chota kwa beleshi kutoka ncha moja, ukikata wima. Kokoto za lile darasa zingetandazwa hivyo, nguzo zote zingepata mawe makubwa na madogo kwa kipimo kimoja.

MOTO USIOWASHWA NA MTU

Rundo la makaa ya mawe linaweza kushika moto lenyewe. Hewa inapogusa makaa, joto kidogo hutokea. Rundo likiwa dogo, joto hilo linaondoka na upepo. Rundo likiwa kubwa na limelegea, hewa inaingia kupitia yale mawe makubwa yaliyobingirika chini, na joto linabaki ndani. Linaongezeka siku hata siku. Mwisho moshi unatoka, na hakuna aliyewasha kiberiti.

Kwa hiyo katapila hushindilia rundo ili hewa isipite. Mzigo uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kutoka, usikae sana. Sehemu iliyopata joto inachimbwa na kutandazwa ipoe. Kumwagia maji juu tu hakutoshi, kwa kuwa moto uko ndani. Maji yana kazi yake nyingine, nayo ni kutuliza vumbi. Vumbi la makaa halifai karibu na nyumba wala karibu na mizigo ya chakula. Ndiyo maana Mtwara iliamuliwa ijengwe bandari nyingine, Kisiwa Mgao, kwa mizigo michafu.

Mahindi nayo hupata joto yakirundikwa, ila kwa sababu nyingine. Punje yenye unyevu inapumua, na ukungu unamea. Ukitia mkono ndani ya rundo ukasikia joto, usisubiri kesho. Tandaza na uanike. Ukungu mwingine unatoa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walikufa. Tena sumukuvu haiondoki kwa kupika.

MTU NA RUNDO

Rundo likimwagwa lenyewe hulala kwa mwinamo wake. Ukilichimba chini, unaondoa mguu unaolishikilia. Linaweza kusimama wima kwa muda, hasa likiwa na unyevu, likakudanganya kwamba liko imara. Halafu linaanguka lote mara moja. Ndivyo vijana wanavyofukiwa kwenye machimbo ya mchanga. Ukichota kwa mkono, anzia juu na ushuke kwa ngazi. Usisimame chini ya ukuta wa mchanga uliozidi kimo chako.

Nafaka ni hatari kwa namna yake. Hapa Babati vimejengwa vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa mkopo wa nchi ya Poland. Nafaka ya kihenge huchotwa kwa chini. Mlango ukifunguliwa, nafaka ya katikati inateremka na juu inafanyika shimo kama la faneli. Mtu aliyesimama juu anazama magoti kabla hajajua kinachotokea. Kabla hujamaliza kuhesabu hadi 30 anaweza kuwa amefunikwa kichwa.

Kwa hiyo mtu haingii kihengeni mashine ikiwa inatembea, na hata ikiwa imesimama haingii peke yake. Mwenzako akizama, funga mlango wa chini kwanza, ndipo uite watu. Usirukie ndani kumfuata. Aliyezama hadi kifuani havutwi kwa kamba, kwani nafaka imemkaza na kamba itamwumiza. Waokoaji wanakanyaga juu ya mbao ili wasizame. Wanamzungushia mabati au mbao kama uzio, wakizididimiza ndani ya nafaka, kisha wanachota nafaka iliyo ndani ya uzio kwa ndoo, mpaka miguu yake iwe huru.