Ukizamia Nungwi asubuhi, usilale Kintinku usiku

Kila likizo ya Desemba na kila Iddi linarudi swali lilelile, na wanaouliza karibu wote ni watu wa bara: "Mwalimu, mimi sirudi kwa ndege. Napanda boti mpaka Dar, treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi mpaka Kintinku. Nikimaliza mbizi ya mwisho asubuhi, mchana naweza kuondoka, sivyo?"

Hapana, huwezi. Mimi ni mtoto wa Kintinku niliyeishia kufundisha uzamiaji Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwa hiyo jamaa wa nyumbani huniuliza mimi kwanza, na nikishawajibu huenda kumuuliza mwingine wakitumaini jibu laini zaidi. Wakati mwingine wanalipata. Hilo ndilo linaloniudhi, maana anayewapa jibu hilo hatakuwepo Dodoma bega litakapoanza kuuma.

Watu wamesikia kanuni moja ya uzamiaji wakaishika vizuri: usipande ndege baada ya kuzamia. Bahati mbaya walichokishika ni neno "ndege". Mwalimu wa haraka haraka huitaja kanuni hiyo dakika za mwisho, wakati wageni wanavua suti za mpira, wala haelezi sababu. Mtu wa Ulaya anayerudi kwao kwa ndege itamtosha. Mtu wa Singida, Iringa au Mbeya huondoka na nusu ya kanuni, na nusu aliyoachiwa haimhusu.

Mwili wako haujui kama umekaa kwenye kiti cha ndege, cha treni au cha basi. Unachokijua ni mgandamizo wa hewa inayokuzunguka. Hewa ikipungua mgandamizo, kilichoyeyuka ndani ya damu na mafuta ya mwili hutafuta njia ya kutoka. Uwe umepandishwa na injini ya ndege, na kichwa cha treni ya umeme au na miguu yako mwenyewe, kwa mwili ni mamoja.

Na hicho kilichoyeyuka ni nini? Hapa inabidi niuguse uongo mwingine, kwa sababu wa kwanza umesimama juu yake. Karibu kila mtu huuita mtungi wa mzamiaji "mtungi wa oksijeni", hata magazeti. Mtungi ule una hewa ya kawaida, hii unayoivuta sasa hivi, imechujwa na kushindiliwa kwa kompresa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka bar 200 unabeba lita zipatazo 2,400 za hewa. Oksijeni ndani yake ni asilimia 21 tu. Tungekupa oksijeni tupu ukateremka nayo kupita mita 6 au hivi, ingeanza kuwa sumu: mzamiaji anaweza kushikwa na degedege ndani ya maji, kinywa kikaachia kifaa cha kupumulia, na hapo ni kufa maji. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayemfungia mwanafunzi mtungi wa namna hiyo.

Anayeamini kwamba alivuta oksijeni huamini pia kwamba mwili umeshaitumia ikaisha, kwa hiyo akipanda juu ya maji hana deni. Lakini sehemu kubwa ya alichovuta, karibu asilimia 78, ni naitrojeni, na mwili hauna kazi nayo. Juu ya ardhi inaingia na kutoka bila madhara. Ukiwa mita 10 chini ya maji, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa ufukweni. Mita 18, ambacho ndicho kikomo cha kozi ya mwanzo, ni karibu mara tatu. Kwa mgandamizo huo naitrojeni inayeyuka kwenye damu, kisha kwenye misuli, mafuta na neva. Ukipanda polepole inarudi kwenye mapafu na kutoka kwa pumzi, ila haimalizi siku hiyo ukiwa bado unakausha nywele. Inachukua saa nyingi. Ukipunguza mgandamizo kabla haijatoka, inajitenga ndani yako kwa viputo, na viputo hivyo vinaweza kukaa kwenye viungo, chini ya ngozi, au, mahali pabaya kuliko pote, kwenye uti wa mgongo.

Asiyeniamini kuhusu ndege na atazame kalenda. Miaka ya 1870 mjini St. Louis, Marekani, vibarua walikuwa wakichimba misingi ya daraja chini ya mto Mississippi wakiwa ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiingie. Walitoka mle wakikunjwa na maumivu ya viungo. Wengine walipooza miguu, wengine walikufa. Daraja hilo, la mhandisi James Eads, lilifunguliwa mwaka 1874. Huko New York, Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, alipigwa na ugonjwa huohuo mwaka 1872, na kazi iliyobaki aliisimamia akiwa chumbani mwake mpaka daraja likafunguliwa mwaka 1883. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alikwisha kuonyesha kwamba chanzo ni viputo vya naitrojeni. Ndege ya ndugu wa Wright iliruka mara ya kwanza mwaka 1903. Ugonjwa huu uliua watu miaka thelathini kabla ndege hiyo haijaruka. Haukuhitaji ndege wakati ule, na hauihitaji sasa.

Wala sina haja ya kwenda Marekani. Wapo wavuvi wa jongoo bahari katika Bahari ya Hindi wanaozama na mitungi mara nyingi kwa siku, bila saa, bila jedwali. Kuna waliopooza miguu ambao hawajawahi hata kuusogelea uwanja wa ndege.

Sasa tuje kwenye njia ya nyumbani. Mwaka 2002 wataalamu waliokutanishwa na Divers Alert Network, shirika linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, walikubaliana juu ya saa za kusubiri: angalau 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda, angalau 18 baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa za kuzamia. Watu hunukuu saa hizo na kuuacha mstari unaofuata, unaosema zinahusu mwinuko gani. Zinahusu hewa ya kwenye mwinuko wa kuanzia takriban mita 600 hadi 2,400, kwa sababu ndani ya ndege ya abiria hewa hushushwa mpaka kiwango hicho. Dodoma iko kwenye mita zipatazo 1,100. Manyoni inapita mita 1,200. Mji wa Singida uko juu zaidi. Hata Kintinku yetu, ambayo sisi tunaiita bondeni kwa kuwa ukingo wa Saranda unaning'inia juu yake, ina zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Nyumbani kwetu ni ndani ya kipimo hicho kabisa, ukiwa umelala kitandani kwako.

Lazima niwe mkweli hapa. Dodoma haipunguzi mgandamizo kama ndege iliyo kwenye kilele cha safari yake. Upungufu wake ni kama nusu ya ule wa ndege. Hatari ni ndogo zaidi, na ndiyo maana wengi wamepita salama na kurudi kuniambia kwamba nawatia watu hofu bure. Ila hatari ndogo si sawa na ruhusa. Jeshi la Majini la Marekani, ambalo halina biashara ya kuwatisha watalii, lina jedwali zima la saa ambazo mzamiaji anapaswa kusubiri kabla ya kupanda sehemu za juu, na jedwali hilo linapangwa kwa urefu wa mahali anapokwenda. Halina safu ya "kwa basi".

Zamani umbali ulitulinda. Mtu alizamia asubuhi, akavuka na boti ya jioni, akalala Dar es Salaam kwa shangazi, akapanda basi alfajiri. Alipofika Gairo zilikuwa zimepita karibu saa 24, naye hakujua kwamba alikuwa akitibiwa na uchovu wa safari. Tangu SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, kinga hiyo imeondoka. Mbizi asubuhi Nungwi, boti ya alasiri, treni ya jioni, na usiku huohuo uko Dodoma. Naifurahia treni ile kuliko wengi, maana ni ya kwetu, lakini imelifanya jambo lisilokuwa likiwezekana kuwa jambo la kawaida.

Na kwa mtu wa Kintinku kuna mtego wa pili. Akifika nyumbani salama kisha maumivu yakaanza asubuhi, matibabu ya kweli yako kwenye chumba cha mgandamizo, anakorudishwa kwenye hewa nzito huku akipumua oksijeni, na vyumba hivyo vinatafutwa upande wa pwani. Njia ya kwenda pwani inapanda tena Dodoma. Anatolewa mita 800 anapandishwa 1,100 akiwa na viputo mwilini, ndipo ashuke. Kuita ndege ya kawaida si dawa pia, maana nayo humpandisha.

Kuhusu maziwa: naomba tuyaache. Najua mafundi wa kuchomelea na wapaka rangi za magari hunywa maziwa wakiamini yanasafisha moshi, na kuna anayeniuliza kama nusu lita itaitoa naitrojeni. Maziwa yanakwenda tumboni. Naitrojeni iko kwenye damu na neva na inatokea mapafuni. Havikutani. Kuchuliwa kwa mafuta hakusukumi kiputo chochote kutoka kwenye uti wa mgongo, na kidonge cha maumivu kinanyamazisha dalili huku jeraha likiendelea. Lililo baya kuliko yote ni ushauri wa kurudi majini "ili gesi ikae sawa". Mtu ambaye miguu inaanza kufa ganzi anapelekwa mahali ambapo miguu ndiyo inayomweka hai.

Basi fanya hivi. Kozi ya mwanzo huchukua siku tatu au nne na ina mbizi nne za baharini. Iweke mwanzoni mwa likizo, siyo mwishoni. Nadharia isome nyumbani kwa simu kabla hujafunga mzigo, vyama vikubwa kama PADI na SSI vinaruhusu. Jifunze kuogelea kwanza, kwani utatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, na bwawa la hoteli siku ya kwanza si mahali pa kugundua kwamba huwezi. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli: pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa masikio, mimba. Ukiwa na mafua, usizame. Una siku mbili tu? Achana na kozi, chukua mbizi ya majaribio pamoja na mwalimu, isiyozidi mita 12, siku ya kwanza. Uliza kama boti ina oksijeni ya huduma ya kwanza, uionyeshwe, na uliza mgonjwa hupelekwa chumba gani cha mgandamizo. Akibabaika, nenda kwingine. Kati ya mbizi ya mwisho na safari ya bara weka saa 24 kamili. Wataalamu walisema 18 kuwa ndizo za chini kabisa. Kipimo cha chini kabisa si mahali pa mwanafunzi kujipimia. Siku hiyo tembea Mji Mkongwe, nenda msitu wa Jozani, nenda mashamba ya viungo, au ogelea juu juu kwa miwani na mrija, maana huko huvuti hewa iliyoshindiliwa. Pombe iache. Maji yanywe.

Kama umeshafika na ndani ya siku ya kwanza au ya pili ukaona maumivu ya bega au kiwiko yasiyo na sababu, ganzi, wekundu wa ngozi unaowasha, kizunguzungu, uchovu usioelezeka, miguu kulegea au mkojo kukataa kutoka, nenda kituo cha afya na sentensi ya kwanza utakayomwambia mganga iwe: "Nimezamia baharini na mtungi, nilitoka majini saa fulani." Usisubiri akuulize. Kwetu, anayetoka safari akiwa mchovu na viungo vinauma hupimwa malaria, na mganga hana kosa kuanza hapo kama hukumwambia. Omba ulazwe chali na upewe oksijeni kwa barakoa kwa kiwango cha juu kabisa kilichopo. Kisha mpigieni simu aliyekufundisha ili awaunganishe na daktari wa uzamiaji kabla gari halijaondoka, na mtungi wa oksijeni wa hospitali uende pamoja na mgonjwa mpaka kwenye chumba cha mgandamizo.