Fimbo ya Kuvulia: Iandae Vizuri Kabla Hujarusha

Wengi mnaofuga sato Mbozi, Ileje na huku Tunduma mnauza samaki wachache wachache: leo mama ntilie anataka watano, kesho dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpaka anataka wawili. Ukikokota wavu kila mara, unatibua tope, samaki wote wanashtuka na chakula hawali vizuri. Ndiyo maana baadhi yenu mmeniuliza kuhusu fimbo ya nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu.

Uvuvi huu si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Kenya waliletewa samaki aina ya trauti kutoka Scotland, wakapandikizwa mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti anataka maji ya baridi, lakini hata sato hudaka nzi anayezama taratibu.

Hasara inaanzia kwenye maandalizi. Mshipi ukikatika, samaki anabaki na ndoano mdomoni, halafu anaacha kula na anaweza kufa. Hiyo ni pesa yako inaelea. Fuata hatua hizi:

1. Unga fimbo kuanzia kipande chembamba. Pete zote zikae mstari mmoja, la sivyo mshipi utakwama.

2. Funga rili, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, chini ya mshikio. Mshipi utokee upande wa chini, uelekee mbele. Namba ya mshipi ilingane na namba iliyoandikwa kwenye fimbo. Kwa bwawa dogo namba 5 inatosha.

3. Kunja mshipi mara mbili, kisha pitisha hicho kikunjo kwenye kila pete. Ukikuponyoka, kikunjo kitanasa kwenye pete na hautarudi wote chini. Hakikisha hujaruka pete hata moja.

4. Unganisha nailoni ya mbele, kitanzi kwa kitanzi. Urefu wa mita 2.7 hivi unafaa. Inyooshe kwa mikono ili isijikunje.

5. Funga nzi. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushe mara 5 kwenye nailoni yenyewe, irudishe kwenye kitundu kilicho jirani na ndoano, kisha kwenye duara kubwa lililojitokeza. Lowesha kwa mate, vuta polepole. Ukivuta fundo kavu, msuguano unaleta joto na nailoni inadhoofika.

6. Jaribu fundo kwa kulivuta kwa nguvu. Likiachia, bora liachie mkononi kuliko mdomoni mwa samaki. Kata ncha iliyobaki.

7. Bana kijino cha ndoano kwa plaizi. Samaki mdogo utamtoa haraka na kumrudisha majini akiwa mzima.

Sasa geuka nyuma kabla hujarusha. Kuna mtoto? Kuna mti? Halafu tazama juu. Fimbo nyingi za kisasa ni za kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kama nyaya zinapita juu ya bwawa lako, usirushe hapo kabisa, nenda upande mwingine. Vaa kofia na miwani, maana ndoano ikirudi haichagui pa kutua.

Kazi yote hii haizidi dakika 10. Mteja atasubiri. Jicho lako na samaki uliyemlisha miezi sita vina thamani kuliko haraka yake.