Rasimu Kabla ya Sahihi

Karibu nusu ya majimbo ya Marekani huwaruhusu wananchi kuandika wenyewe pendekezo la sheria au la kurekebisha katiba ya jimbo, kulikusanyia sahihi, kisha kulipeleka kwa wapiga kura bila kungoja hisani ya wabunge. Oregon iliukubali utaratibu huu mwaka 1902, na wanawake wa huko walipata haki ya kupiga kura mwaka 1912 kwa njia hiyo hiyo, baada ya kushindwa mara kadhaa. Lakini anayetaka kuona nguvu ya njia hii pamoja na udhaifu wake aitazame Florida.

Katiba ya Florida ilimnyima kura, tena kwa maisha yake yote, mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Mzizi wa kifungu hicho ni katiba ya 1868, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa. Kumaliza kifungo hakukutosha. Aliyetaka kura yake ilibidi amwombe gavana na wenzake watatu wanaounda bodi ya msamaha, na kuanzia 2011 alisubiri angalau miaka mitano kabla hata ya kuomba. Waliokwisha kumaliza adhabu na bado wamefungiwa mlango walikadiriwa kufikia milioni 1.4.

Desmond Meade alikuwa mmoja wao. Alipitia uraibu wa dawa za kulevya, akafungwa, akaishi bila makao, kisha akasoma hadi akapata shahada ya sheria. Mkewe alipogombea ubunge wa jimbo mwaka 2016, Meade hakuweza kumpigia kura. Yeye na wenzake wakaandika pendekezo la kuwarudishia kura waliomaliza adhabu, wakazunguka na fomu za kulikusanyia sahihi. Kila fomu ilikuwa ya mtu mmoja: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa au namba ya mpiga kura, sahihi, tarehe. Ofisi ya uchaguzi ya kila wilaya ilizikagua moja moja na kutupilia mbali zenye kasoro. Zilihitajika sahihi halali 766,200, na wao walivuka idadi hiyo.

Kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imelipima andiko lao. Pendekezo lazima lihusu jambo moja tu, na muhtasari wake kwenye karatasi ya kura usizidi maneno 75. Waandishi waliamua kuwaacha nje waliohukumiwa kwa mauaji na makosa makubwa ya ngono. Uamuzi huo unaniuma, ingawa naelewa sababu yake: Florida hudai asilimia 60 ya kura. Novemba 2018 pendekezo lilipata zaidi ya asilimia 64, kura zaidi ya milioni tano.

Ila rasimu ilisema haki itarudi mtu akikamilisha masharti yote ya hukumu yake. Je, faini na ada za mahakama ni sehemu ya masharti hayo? Mwaka 2017 wakili wa waandishi wenyewe aliulizwa swali hilo na majaji, akakubali kwamba faini zimo. Mwaka 2019 bunge la jimbo likatunga sheria: asiyelipa hapigi kura. Jimbo halikuwa hata na daftari moja la kumwonyesha mtu anadaiwa kiasi gani. Mei 2020 jaji wa shirikisho aliibatilisha sehemu kubwa ya sheria hiyo. Septemba mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi wake kwa majaji sita dhidi ya wanne. Maskini wengi waliosherehekea 2018 walibaki nje, na kwangu hilo ni dhuluma: kura imegeuzwa kitu cha mwenye fedha.

Kenya nayo ina mlango kama huu. Ibara ya 257 ya Katiba ya 2010 inaruhusu marekebisho yanayoanzishwa na wananchi kwa sahihi za wapiga kura milioni moja, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema Rais hawezi kuyaanzisha kupitia mlango huo. Basi siku utakapoletewa fomu ya namna hiyo, iwe Kisumu au Malindi, omba rasimu yenyewe, uisome yote. Uliza nani ataamua maana ya kila sharti na nani atagharimia utekelezaji wake. Ukiridhika, tia sahihi, kisha endelea kufuatilia bunge linaifanyia nini.