Mbegu na Utomvu wa Mpapai

Mpapai ni mti mgeni kwetu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Walakini umezoeleka hata watoto hudhani ni mti wa kale. Tunda huliwa, ganda na mbegu hutupwa jaani. Twapenda kuonyesha kwamba katika vitu vitupwavyo mna nguvu ya dawa, nayo nguvu hiyo yataka kipimo.

Tuanze na utomvu. Wapishi wa pwani hupaka nyama ngumu papai bichi lililopondwa, ipate kulainika. Kiilainishacho ni papaini, iliyomo katika utomvu, ambayo huzivunja protini za nyama. Kazi hiyo yaonekana katika vidonda pia: mwaka 1999 waganga wa hospitali ya Banjul, nchini Gambia, waliandika kwamba papai lililopondwa, likipakwa kila siku juu ya majeraha ya moto ya watoto, liliondoa nyama iliyokufa.

Mbegu nazo husifiwa kuwa dawa ya minyoo. Katika jaribio la Nigeria lililotangazwa mwaka 2007, watoto 60 wenye vimelea vya tumboni waligawanywa: 30 walipewa mbegu zilizokaushwa na kuchanganywa na asali, 30 asali tupu. Baada ya siku 7, vimelea vilikuwa vimetoweka kwa watoto 23 wa kundi la kwanza, na kwa 5 tu wa kundi la pili.

Walakini msomaji asikimbilie jaani kuokota mbegu. Watoto 60 ni wachache. Tena mwaka 2002 wataalamu wa India walieleza kwamba dawa iliyotolewa katika mbegu hizo hizo iliwafanya kima madume kuwa tasa, wasipone mpaka ilipoachwa. Utomvu nao huunguza ngozi, na katika majaribio ya panya umeonekana kuukaza mji wa mimba. Basi bibi zetu wanaomkataza mja mzito papai bichi hawasemi upuuzi. Mwiko wao una maana.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: mkiandika desturi za wazee, msiridhike na maneno “dawa ya mpapai.” Ulizeni ni mbegu, jani, utomvu au mzizi, ni tunda bichi au bivu, ni kiasi gani, na nani hukatazwa. Mtoto mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kazi yetu ni kuyahifadhi maneno yote, dawa pamoja na mwiko wake. Maana dawa ikiandikwa pasipo mwiko, mwenye kuisoma aweza kudhurika.